Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa bustani za burudani: fungeni mkitaka, lakini si kimyakimya

KWA: Wakurugenzi, wamiliki na mameneja wa bustani za burudani
NAKALA: Wakuu wa idara za ufundi, wakaguzi wa usalama wa mashine za burudani, makumbusho na mamlaka za urithi wa majengo

YAH: KUFUNGWA KWA ROLA KOSTA KONGWE BILA TAARIFA NA BILA KUMBUKUMBU

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Tungependa barua hii ibaki ya faragha, na kwa kweli ilianza hivyo. Tulipoandikia ofisi za huduma kwa wateja tuliambiwa maoni yetu yanathaminiwa. Tulipoandikia idara za ufundi tulirudishwa kwa huduma kwa wateja. Tulipoomba kikao tukajibiwa kwamba suala liko kwa wanasheria. Tukiwa bado katika danadana hiyo winchi zilifika, vyuma vikakatwa, pakawa hapana tena cha kujadili. Ndiyo maana leo tunaandika mbele ya watu wote.

Tuseme mapema tusichokidai, maana baadhi yenu huacha kusoma mkidhani mnaletewa machozi. Hatudai kwamba rola kosta, yaani treni ya burudani inayopanda na kushuka vilima kwa kasi juu ya reli, isifungwe kamwe. Mbao huoza, chuma huchoka, mwenye ardhi huihitaji ardhi yake, na mashine inayoshinda kwa mafundi kuliko kubeba watu haimfaidishi yeyote. Uamuzi wa kufunga ni wenu na utabaki kuwa wenu. Malalamiko yetu ni juu ya namna mnavyofunga: taarifa inachelewa makusudi, vipimo havichukuliwi, makaratasi yanatupwa, na chombo kilichobeba vizazi vitatu kinaondoka bila mtu kuweza kueleza baadaye kilikuwa kinakwendaje.

1. Tangazo hutoka siku ya mwisho ikiwa imeshapita

Mifano iko wazi na haihitaji kuongezwa chumvi. Bustani ya Geauga Lake huko Ohio, Marekani, ilipokea wageni wake wa mwisho tarehe 16 Septemba 2007. Tangazo kwamba michezo yake haitafunguliwa tena lilitoka tarehe 21 Septemba. Kingda Ka, iliyokuwa rola kosta ndefu kwenda juu kuliko zote duniani kwa mita 139 na yenye kasi ya kilomita 206 kwa saa, ilibeba watu kwa mara ya mwisho tarehe 10 Novemba 2024 katika bustani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey. Tangazo lilikuja tarehe 14. Kufikia 28 Februari 2025 mnara wake ulikuwa umeangushwa kwa vilipuzi.

Linganisheni na rola kosta ya Nemesis katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza. Ilifunguliwa mwaka 1994, na ilipofika wakati wa kubadilishiwa reli, wageni waliijua siku ya mwisho kabla haijafika. Wakaja Novemba 2022, wakapanda, wakaondoka. Machi 2024 ikafunguliwa upya ikiwa na reli mpya. Hakuna mwenye hisa aliyepata hasara kwa watu kujulishwa tarehe.

Wengi hudhani kilio chetu ni cha kukosa mzunguko wa kuagia. Hicho ni kidogo, na anayekilia peke yake hatumtetei sana. Kikubwa ni kwamba mwendo wa rola kosta hupimwa tu wakati inakwenda, ikiwa na watu ndani. Treni tupu haikimbii kama treni iliyojaa. Asubuhi ya baridi grisi kwenye bearingi ni nzito na treni huburuza. Alasiri, baada ya mizunguko mingi, ileile hushuka kwa kasi ambayo asubuhi hungeiamini. Kiti cha mbele kinafika kileleni taratibu na kuning'inia kidogo kabla ya kushuka, ilhali kiti cha nyuma kinavutwa na mabehewa yaliyotangulia na kurushwa juu ya kilele. Ni reli moja, lakini safari ni mbili. Yote hayo yanaweza kunaswa kwa kipima mchapuko, yaani kifaa cha kupima mabadiliko ya mwendo, kinachotoshea mfukoni, siku mbili tu za kazi. Siku moja baada ya umeme kukatwa hayapatikani tena kwa fedha yoyote.

Tuongeze hili moja: mafundi wenu nao mara nyingi husikia pamoja na sisi. Mtu aliyekuwa akikagua reli hiyo kila alfajiri anapata habari kwenye simu, kisha wiki inayofuata anatakiwa kuonyesha ushirikiano. Hatatoa daftari lake la miaka 20 kwa moyo mweupe, na sisi hatumlaumu.

2. Maarifa yanatupwa pamoja na vyuma

Hapa ndipo penye uzito wa barua yetu, kwa hiyo mtuvumilie.

Chukueni rola kosta ya mbao. Reli yake ni rundo la mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine, kwa kawaida tabaka 7 au 8, viungo vikipishana ili pasiwepo mahali tabaka zote zinapokatika pamoja. Tabaka za juu kabisa huwa pana zaidi na hutokeza upande wa ndani, ili gurudumu la chini lipate pa kushika na treni isinyanyuke. Mfumo huo wa gurudumu la chini, ambao mbunifu wa rola kosta John Miller aliupatia hataza mwaka 1919, ndio uliowezesha vilima virefu na miteremko mikali. Juu ya rundo hufungwa ukanda wa chuma. Mpaka hapo kila kitu kimo kwenye michoro.

Ambacho hakimo ni hiki. Reli huliwa zaidi mabondeni, kwa sababu ndiko uzito wa treni unakoongezeka, kwa hiyo mafundi hubadilisha vipande vya mabondeni mara nyingi kuliko vya vileleni. Kila wanapobadilisha, seremala hulinganisha kwa jicho, kwa uzi na kwa kipimamaji. Akiona treni inayumba kwenye kona, anachomeka kibao chembamba chini ya reli ya nje na kuinua ulalo kidogo. Nguzo ikititia baada ya mvua, anapandisha na kukaza upya. Baada ya miaka 50 ya marekebisho ya namna hiyo, umbo la reli limeshaachana na mchoro wa kwanza. Kwa maneno mengine, hata pale mchoro wa mwaka wa ujenzi unapopatikana, hauelezi kile ambacho watu walikipanda. Kinachokieleza ni reli yenyewe ikiwa bado imesimama, daftari la mafundi, na vichwa vya mafundi hao. Ninyi huvipoteza vyote vitatu ndani ya mwezi mmoja.

Kwenye rola kosta za zamani zaidi kuna jambo jingine. Scenic Railway ya Luna Park, Melbourne, iliyoanza 1912, na Rutschebanen ya Tivoli, Copenhagen, ya 1914, zinaendeshwa mpaka leo na mpiga breki anayepanda ndani ya treni. Mkono wake ndio unaoamua kasi. Anajua wapi aachie, wapi abane kidogo, wapi abane kwa nguvu zote. Anajua treni nzito inahitaji kubanwa mapema na reli yenye umande haikubali kubanwa kwa pupa. Bustani hizo mbili zinarithisha ujuzi huo kwa kuuendeleza kazini. Mahali ambapo treni imesimamishwa, mpiga breki wa mwisho akistaafu bila kurekodiwa, mrithi wake ataanza kujifunza na abiria wakiwa ndani.

Gharama ya kupoteza maarifa si nadharia. Knoebels, bustani ya Pennsylvania, iliamua kufufua aina ya rola kosta iitwayo Flying Turns, ambamo treni haikai kwenye reli bali hutelezea magurudumu ya mpira ndani ya mfereji wa mbao, kona zikiinuka kama ukuta. Aina hiyo ilikuwa imetoweka mwishoni mwa miaka ya 1960. Ujenzi ulianza 2006. Abiria wa kwanza walipanda Oktoba 2013. Katikati ya miaka hiyo magurudumu, mabehewa na mfereji vilijaribiwa na kurekebishwa tena na tena, kwa sababu wale waliowahi kujua vilivyokuwa vikifanya kazi hawakuwepo wa kuulizwa.

Msituambie kwamba kwa rola kosta za chuma mtengenezaji anazo nyaraka. Arrow, iliyojenga Matterhorn Bobsleds ya Disneyland mwaka 1959 na kuanzisha reli ya bomba la chuma, ilifilisika 2001 na mali zake zikanunuliwa na S&S mwaka uliofuata. Kampuni ya Schwarzkopf ya Ujerumani ilifilisika 1983. Nyaraka za kampuni iliyofilisika hugawanyika, nyingine huuzwa, nyingine huliwa na panya. Hata zile zilizobaki hazina marekebisho yenu ya baadaye: breki za msuguano zilizobadilishwa kuwa za sumaku, mabehewa yaliyopunguzwa viti, nguzo zilizoongezwa. Nakala pekee yenye ukweli wote mara nyingi iko kwenye kabati la karakana yenu, faili la juu kushoto, limejaa mafuta.

Halafu kuna kompyuta ya kuongozea treni. Reli hugawanywa katika vipande, na treni haiingii kipande kimoja kabla iliyotangulia haijatoka. Mantiki hiyo, pamoja na sekunde za kusubiri na mpangilio wa vitambuzi, imo kwenye programu. Kwenye vifaa vingi vya zamani programu hiyo hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Umeme ukikatwa na betri ikaisha, programu imefutika. Tumeona mabehewa yakinunuliwa, reli ikinunuliwa, na sanduku la kuongozea likifika likiwa halina kitu ndani. Kutoa nakala ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye kebo sahihi, kompyuta ya zamani inayosoma programu hiyo, na neno la siri, ambalo mara nyingi liko kwa mtu aliyestaafu.

3. Kuacha isimame hadi ioze, kisha kuutumia uozo kama sababu

Utaratibu tunaujua. Rola kosta inafungwa "kwa muda". Kila mwaka inasogezwa mwaka ujao. Ukaguzi wa kila siku unakoma, kwa hiyo misumari inayotoka haipigiliwi, bolti zilizolegea hazikazwi, maji yanakaa kwenye viungo vya mbao na ndani ya mabomba ya reli ambayo matundu yake ya kutolea maji yameziba. Waya za shaba zinaibwa. Vijana wanapanda usiku. Baada ya misimu mitatu mnaleta mhandisi, anasema kweli kwamba haifai, na ripoti yake inatolewa kama ushahidi kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Big Dipper ya Geauga Lake ilijengwa 1925. Ilisimama bila kuendeshwa tangu 2007 hadi ilipobomolewa 2016. Scenic Railway ya Dreamland, Margate, iliyojengwa 1920, iliunguzwa na moto Aprili 2008 bustani ikiwa imefungwa. Hiyo angalau ilikuwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, ikajengwa upya na kuanza kubeba watu tena 2015. Leap-The-Dips ya Lakemont Park, Altoona, ya mwaka 1902, ilifungwa 1985 na ilirudi kazini 1999 baada ya watu kuchanga na kuikarabati. Kila mwaka inaposimama, gharama ya kuirudisha hupanda; kwa hiyo anayesema "tutaamua baadaye" ameshaamua.

4. Ubomoaji wa pupa

Mkandarasi akilipwa kwa siku, hukata kwa gesi. Kipande cha reli ya bomba kilichokatwa kwa gesi katikati ya kona hakirudi tena kuwa reli, kwa sababu umbo lake limepotea pale palipochomwa. Kingefunguliwa kwenye bolti za maungio, kingebaki kizima. Dominator na Thunderhawk, zote za Geauga Lake, zilifunguliwa hivyo na kuhamishiwa bustani nyingine, zikaanza kazi 2008. Tunaitaja kwa sababu ni haki yao: bustani ileile iliyochelewa kusema ilijua kuhamisha.

Kwa mbao inawezekana pia. Rocket ya Playland Park, San Antonio, ilijengwa 1947 na ikafungwa 1980. Knoebels waliinunua, wakaifungua ubao kwa ubao huku kila kipande kikiwekewa namba, wakaisimamisha Pennsylvania kwa jina la Phoenix mwaka 1985. Bado iko kazini. Comet ya Crystal Beach, Kanada, ya mwaka 1948, iliuzwa baada ya bustani yake kufungwa 1989, na tangu 1994 iko The Great Escape huko New York. Kwa hiyo neno "haihamishiki" lisitumike kabla ya mtu yeyote kuulizwa kama anaitaka.

5. Tiketi za msimu

Hili ni fupi. Kuuza tiketi za mwaka ujao kwa picha ya mashine ambayo kamati yenu imeshaamua kuiondoa si utani wa biashara. Ondoeni picha siku ya uamuzi, au mrudishieni fedha anayetaka.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema ni usalama. Tunakubaliana nanyi kabisa: mkaguzi akikuta ufa kwenye ekseli au kwenye mshono wa uchomeleaji, treni isimame saa hiyohiyo na asipande mtu, hata sisi. Lakini kusimamisha treni hakuzuii kupima umbo la reli kwa skana ya leza, kukusanya faili, wala kumrekodi fundi. Pia ukaguzi wa kutafuta nyufa kwa unga wa sumaku na kwa mawimbi ya sauti hauanzi siku ya tangazo. Mara nyingi mlijua tangu msimu uliopita kwamba ekseli za akiba zimekwisha na hamkuagiza nyingine.

Mtasema tukijua mapema tutafurika na kuiba. Sehemu ya pili ina ukweli, na inatutia aibu. Wapo wanaojiita mashabiki ambao huja na spana mfukoni na kung'oa vibao vya namba za viti. Dawa yake ni kuwauzia. Tangazeni kwamba vibao, misumari ya zamani na vipande vya reli ya mbao vitauzwa rasmi baada ya kufungwa, na mtu hana sababu ya kuharibu anachoweza kununua. Msongamano nao una dawa ya kawaida: tiketi za saa maalumu kwa wiki mbili za mwisho, na bahati nasibu ya wazi kwa nafasi za treni ya mwisho.

Mtasema mnaogopa kushtakiwa mkiuza vipuri. Basi msiuze kwa matumizi. Kibao cha namba ya usajili kitolewe na kihifadhiwe, mikono ya kufungia abiria itobolewe au ikatwe ili isiweze kufungwa tena, na mkataba useme wazi kwamba ni kumbukumbu. Anayenunua ili aiendeshe, huyo ashughulikiwe kwa njia nyingine kabisa: akabidhiwe faili lote, aajiri mhandisi wake, aipitishe kwenye ukaguzi wa nchi yake kama mashine mpya.

Mtasema kuna siri za biashara. Za rola kosta ya mwaka 1975? Siri ya mtakachojenga mahali pake ibakini nayo, hatujaiuliza.

Mtasema ni gharama. Skana ya leza ni kazi ya siku chache kwa watu wawili. Ukilinganisha na bei ya winchi, malori na kusafisha misingi ya zege, ni fungu dogo, na mkandarasi makini angeitaka hata hivyo ili ajue anabomoa nini.

Tunayoomba

Kwanza, taarifa. Pale ambapo kufunga ni uamuzi wa biashara, tarehe itangazwe angalau siku 90 za uendeshaji kabla. Pale ambapo ni dharura ya usalama, semeni ndani ya siku 14 kwamba imesimama kwa sababu gani na kwamba hatima yake inaangaliwa, na kusiwe na kubomoa kabla ya siku 60.

Pili, vipimo vya mwendo wakati bado inakwenda. Kipima mchapuko cha pande tatu kifungwe kwenye sakafu ya behewa kwa bolti au klampu, kisishikwe mkononi wala kuwekwa mfukoni mwa abiria, kwani mwili hufuta mitikisiko. Kipime angalau mara 200 kwa sekunde. Chukueni kiti cha mbele, cha katikati na cha mwisho. Treni tupu na treni iliyojaa. Asubuhi ya kwanza na alasiri. Andikeni joto la hewa, kama kulikuwa na mvua, na aina ya magurudumu. Wakati huohuo rekodini video ya safari nzima bila muziki juu yake, na sauti peke yake kutoka kituoni, kwenye mnyororo wa kupandishia na kwenye breki. Mlio wa vile vyuma vinavyozuia treni kurudi nyuma hauna wa kuuiga.

Tatu, umbo. Skana ya leza ipige kutoka vituo visivyoachana zaidi ya mita 15, kila kituo kikiona sehemu ya kilichotangulia, na alama za kudumu zifungwe kwenye misingi ambayo haisogei. Kosa linalorudiwa ni kupiga kutoka chini tu: upande wa juu wa reli, ambao ndio gurudumu linagusa, unabaki umejificha. Pandeni kwenye ngazi za mafundi, au tumieni droni kwa sehemu za juu. Hifadhini faili katika muundo wa wazi, si ule unaofunguliwa na programu ya kampuni moja pekee. Kwa mbao, kateni pia kipande kimoja cha reli cha urefu wa mita moja kutoka bondeni na kingine kutoka kileleni, vyote vikiwa na tabaka zote.

Nne, makaratasi na programu. Madaftari ya ukaguzi, ripoti za nyufa, michoro iliyochorwa juu kwa kalamu, orodha za vipuri, miongozo ya waendeshaji. Skanini kurasa zote, hata tupu za nyuma, maana ndiko mafundi huandika. Nakala ya programu itolewe kabla ya umeme kukatwa, na betri ya kumbukumbu ibadilishwe umeme ukiwa bado umewashwa.

Tano, watu. Kila fundi na mwendeshaji wa muda mrefu alipwe siku mbili za kuzungumza huku akitembea juu ya reli yenyewe, si ofisini. Akifika kwenye nguzo atakumbuka kisichokumbukwa kwenye meza. Maswali yawe ya kazi: hapa hulegea nini, mvua ikinyesha mnafanyaje, mnyororo mliuacha na ulegevu kiasi gani, sauti gani ilikufanya usimamishe.

Sita, hifadhi na uhamisho. Kabla ya kubomoa, toeni tangazo kwa bustani nyingine na kwa makumbusho, na msubiri siku 60. Ikipatikana pa kwenda, nguzo za mbao zihesabiwe kuanzia kituoni kufuata mwelekeo wa treni, kila kiungo kikiwa na kibao cha alumini chenye namba iliyogongwa, kwenye ncha zote mbili, kimefungwa kwa msumari usioota kutu. Rangi hufutika na kalamu hupauka kabla lori halijafika. Msijisumbue kuokoa rundo lote la reli ya mbao; hupasuka linapofunguliwa, na lazima lijengwe upya hata hivyo. Treni zihifadhiwe zikiwa zimeinuliwa juu ya magogo, kwa sababu magurudumu ya poliyurethani (aina ya plastiki ngumu) yakibeba uzito miezi mingi bila kuzunguka hupata ubapa. Ziwekwe chini ya paa lenye hewa. Turubai la plastiki lililofungwa kabisa huzuia mvua lakini hufungia unyevu ndani, na mabehewa huota kutu kutokea chini.

Tunaomba kila uongozi utujibu kwa maandishi ndani ya siku 30 ukisema ni lipi kati ya hayo sita unalikubali, ni lipi haulikubali na kwa sababu gani. Majibu tutayatoa hadharani yalivyo, bila kupunguza neno. Wapo kati yetu wahandisi, maseremala, wapima ardhi na wapiga picha walio tayari kufanya kazi ya ombi la pili hadi la tano bila malipo. Watakuja na helmeti, kamba za kujifungia na bima zao, watasaini fomu zenu za usalama, na watafanya kazi saa ambazo bustani imefungwa. Kinachohitajika kutoka kwenu ni jina la fundi mmoja wa kuwafungulia geti na tarehe.

Wenu kwa heshima,

Wapenzi wa rola kosta na bustani za burudani